Pumba ni za Nani? Mabaki ya Mitambo ya Umeme na Haki katika Bei Yake



Baadhi yenu mlipopokea barua ya mwaliko mliuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani iwaite kuzungumzia moshi wa mitambo ya umeme, hali wilaya nzima hii haina hata bomba moja la moshi wa namna hiyo. Swali hilo ni halali. Tunaomba kulijibu kwa kuanzia mahali ambapo kila mmoja wetu anapafahamu, yaani kwenye mashine ya kukoboa mahindi.

Ninyi wenye umri mnakumbuka kwamba zamani pumba zilikuwa kero. Zilirundikana nyuma ya mashine, zikaoza kwa mvua za masika, zikanuka, na aliyetaka kuzibeba alibeba bure na kushukuriwa juu yake. Kisha wafugaji wa nguruwe na kuku wakaongezeka. Pumba zikapata bei. Na siku ile zilipopata bei ndipo likazuka swali ambalo halikuwapo kabla: pumba hizi ni za nani? Ni za mama aliyebeba debe lake kichwani kutoka Ubiri, au ni za mwenye mashine? Ziko mashine ambazo mwenyewe huzichukua pumba na kupunguza gharama ya kukoboa. Ziko nyingine ambazo huzichukua na gharama ikabaki ile ile. Na ni mara chache mama yule huulizwa, kwa sababu foleni ni ndefu na jua limekwisha kupanda.

Ndugu zetu, swali hilo la pumba ndilo tunalotaka kulitazama leo, ila kwa kipimo kikubwa zaidi.

Makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yanapounguzwa ili kuchemsha maji na kuzungusha mitambo ya umeme, salfa hiyo hutoka na moshi ikiwa gesi kali inayokausha vifua vya watu na kugeuza mvua kuwa tindikali. Ili kuizuia, moshi hupitishwa katika mnara na kunyunyiziwa uji wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Chokaa huishika ile salfa, hewa huongezwa, maji hukamuliwa, na kinachobaki ni unga mweupe au wa kijivu unaoitwa jasi. Ndiyo jasi ile ile ambayo mafundi wetu wa dari huiita jipsamu, na ndiyo ile ile inayochimbwa ardhini.

Hesabu yake si ngumu. Chukueni makaa yenye salfa asilimia 1. Katika tani 100 za makaa hayo mna tani 1 ya salfa. Ikiungua hufanya tani 2 za gesi, kwa kuwa hujichukulia oksijeni yenye uzito sawa na wake. Kuikamata gesi hiyo kwahitaji tani 3 na kidogo za mawe ya chokaa, na mwishoni hupatikana jasi tani 5 na zaidi. Kwa hiyo anayeosha moshi hupata mzigo mkubwa kuliko ule uchafu alioukusudia. Hapo hatujataja majivu. Makaa mengi huacha majivu ya sehemu moja katika tano, au zaidi, au pungufu, kwa kadiri ya mgodi. Na yale majivu mepesi yanayonaswa kabla hayajatoka bombani yanafaa kuchanganywa katika saruji.

Sasa basi, mzigo huo wa jasi na majivu unauzwa, au unatupwa? Hapo ndipo uchumi unapoingia.

Nchi yetu haijawa na mtambo mkubwa wa umeme wa makaa ya mawe. Ule wa Kiwira, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa wa megawati 6 tu. Lakini makaa tunayo, na mipango haikukosekana: mwaka 2011 ulitiwa sahihi mkataba wa Mchuchuma na Liganga, wilayani Ludewa, ambao ndani yake umo mtambo wa megawati 600. Tuutumie ukubwa huo kama mfano wa hesabu tu. Mtambo wa namna hiyo ukifanya kazi sehemu kubwa ya mwaka waweza kuunguza makaa kiasi cha tani milioni 2. Yakiwa na salfa asilimia 1 na moshi wote ukaoshwa, jasi yake itapita tani 100,000 kwa mwaka, na majivu yatafika tani laki kadhaa. Kiwanda cha saruji kinachotoa tani milioni 1 kwa mwaka huhitaji jasi tani 40,000 au 50,000, maana jasi huwekwa kidogo tu, asilimia 4 au 5, ili saruji isigande kabla fundi hajaisambaza. Mtambo mmoja, basi, waweza kulisha viwanda viwili vya ukubwa huo na kubakiza.

Na kiwanda cha saruji tunacho karibu nasi, pale Pongwe, Tanga. Jasi tunayo vilevile jirani. Anayesimama ukingoni mwa milima yetu upande wa magharibi na kutazama ng'ambo ya bonde la Mkomazi anaiona milima ya Upare. Chini yake, kwenye njia ya reli ya Tanga na Moshi, iko Makanya. Huko Makanya wapo wachimbaji wadogo wanaochimba jasi, wanaipakia katika malori, na inakwenda viwandani. Kutoka Makanya hadi Tanga ni kilomita mia mbili na kitu. Ni kazi ya jua kali na vumbi jeupe, lakini imesomesha watoto.

Tulinganishe wauzaji hawa wawili. Mchimbaji wa Makanya ana gharama kwa kila tani: sururu, chakula, vibarua, ushuru, lori. Bei ikishuka chini ya gharama hizo, anaacha. Mwenye mtambo wa umeme hana hesabu ya namna hiyo. Jasi yake imekwisha kutengenezwa, atake asitake. Asipoiuza itamlazimu anunue uwanja, aulinde usivuje, ailipie malori ya kuimwaga, na autunze uwanja huo hata baada ya mtambo kufungwa. Kwa hiyo hata akiitoa bure amepata faida, maana amepunguza gharama ya kutupa. Ndiyo sababu katika nchi nyingi jasi ya mitambo, mlangoni pale inapotoka, bei yake ni ya dola chache kwa tani. Mwenye sururu hawezi kushindana na mtu anayefurahi kutoa bure.

Kinachomlinda mchimbaji wa Makanya ni umbali, wala si sheria. Jasi ni nzito na ni rahisi. Ikibebwa mbali, nauli hupita bei yake. Kutoka Ludewa hadi Tanga ni karibu kilomita elfu moja. Lakini mtambo kama huo ukijengwa pwani, kwa makaa ya kuletwa na meli, ukuta huo umebomoka. Na hakuna atakayekwenda Makanya kuuliza.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba jasi itupwe ili watu waendelee kuchimba. Tani moja iliyotoka katika moshi ni tani moja ambayo kilima hakikutobolewa, na hilo ni jema. Tunasema tu kwamba hasara ya jema hilo ina mahali inapoangukia, na watu wa mahali hapo wana majina.

Liko jambo la pili, nalo ndilo wengi hudanganyika kwalo. Wakuu wa miradi hupenda kusema kwamba usafi utajilipia wenyewe: tutaosha moshi, tutauza jasi, tutauza majivu, na mwananchi hataongezewa senti. Mara chache sana ni kweli. Mnara wa kuosha moshi ni ghali kuujenga, hula chokaa kila siku, na hula asilimia 1 hadi 2 ya umeme wenyewe unaozalishwa. Mauzo ya jasi hurudisha sehemu ndogo tu ya gharama hiyo. Faida ya kweli ni vifua vya watu na misitu yao, na faida hiyo haiuzwi sokoni, wala haionekani katika vitabu vya kampuni. Ndiyo maana inahitaji amri.

Wajerumani, ambao mji huu wetu waliuita Wilhelmstal, walijifunza hayo kwao. Misitu yao ilipoanza kukauka kwa mvua ya tindikali, serikali ya Ujerumani Magharibi ilitoa mwaka 1983 kanuni ya kuilazimisha mitambo mikubwa ioshe moshi. Hawakungoja soko. Soko lilikuja baadaye, pale viwanda vya mbao za jasi vilipojengwa ubavuni mwa mitambo, kiasi kwamba jasi ilisafirishwa hatua chache tu. Wakazoea. Halafu mwaka 2020 Bunge lao likapitisha sheria ya kuacha umeme wa makaa ya mawe kufikia mwaka 2038, na sasa wenye viwanda wanatafuta machimbo mapya ya jasi katika vilima vya Harz, na wakazi wa huko wanapinga kwa ajili ya misitu yao. Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa makaa tarehe 30 Septemba 2024, na jasi ya mitambo yake ikakoma. Aliyejenga riziki yake juu ya uchafu wa mwenzake ana neno la kusema siku uchafu unapokwisha, nasi hatuna budi kulisikiliza, ingawa hatuwezi kuuweka moshi kwa ajili yake.

Lakini mfano ambao tungependa mwuchukue nyumbani ni wa Marekani, jimbo la North Carolina, kwa kuwa unalijibu moja kwa moja swali la pumba. Kampuni ya umeme ya Duke Energy ilikuwa na mkataba wa muda mrefu wa kuiuzia kampuni ya CertainTeed jasi, na mnunuzi akajenga kiwanda chake karibu na mtambo. Siku za makaa zilipokuwa nzuri, jasi ilitosha. Kisha gesi asilia ikawa rahisi, mtambo wa makaa ukawa unawashwa mara chache, na jasi ikapungua. Mnunuzi akaenda mahakamani. Mwaka 2018 mahakama ikaamua kwamba mkataba ni mkataba: tani 50,000 kila mwezi. Kampuni ya umeme ikaona nafuu kuuvunja mkataba na kulipa fidia ya dola zipatazo milioni 90. Baada ya hapo iliiomba tume inayosimamia bei za umeme kwamba gharama hiyo iingizwe katika bili za wateja, kwa kuwa sheria ya jimbo inaruhusu faida na hasara ya mauzo ya mabaki kuhesabiwa katika bei ya umeme.

Tulitafakari sana jambo hili katika Tume. Kwa upande mmoja sheria ile ina haki ndani yake: kama pumba ni za mwenye mahindi, basi faida yake na imrudie, na hasara vilevile. Kwa upande wa pili, mama wa Ubiri hakuwapo siku mkataba ulipoandikwa. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kuahidi tani 50,000 za kitu ambacho hupatikana tu iwapo mashine inasaga. Kumfanya mtu mshirika wa hasara bila kumfanya mshirika wa uamuzi si ushirika. Hapo Tume yetu ilikuwa na sauti moja.

Tumalize upande wa nje kwa Afrika Kusini. Mtambo wa Kusile ulitangazwa kuwa wa kwanza barani Afrika wenye mnara wa kuosha moshi kwa uji wa chokaa. Mwezi wa Oktoba 2022 bomba lake moja la moshi liliharibika. Nchi ilikuwa gizani kwa mgawo, na mwaka 2023 mtambo ukapewa ruhusa ya kutoa moshi kwa muda bila kuuosha. Hatuwahukumu, giza la hospitalini nalo linaua. Ila tuone kwamba panapokuwa na shida, kinachowekwa kando kwanza ni kile kinacholinda mapafu ya wanaoishi kandokando.

Turudi nyumbani, kwenye mfano ulio mdogo na ulio wetu. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, hutoa nyuzi kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Yaliyobaki ni machicha na maji machungu yanayotoka korona, na kwa miaka mingi katika mashamba ya tambarare yaliachwa yaoze au yatiririke hadi mitoni, na mito hiyo huingia Pangani. Mwaka 2008 huko Hale, katika shamba la Katani, ulizinduliwa mtambo unaoyachachua machicha hayo pasipo hewa, ukatoa gesi, na gesi ikazungusha jenereta. Ulianza na umeme mdogo, kilowati 150. Kinachosalia baada ya gesi kutoka ni tope linalofaa kuwa mbolea.

Hapa hesabu inageuka, na tunaomba mwitazame tofauti yake. Kwenye makaa, kusafisha ni gharama inayozaa mabaki. Kwenye mkonge, uchafu wenyewe ndio kuni. Kuusafisha ndiko kunakoleta umeme, na mabaki ya kusafisha yanarudi shambani. Tungekuwa na mamlaka ya kuchagua, tungejua pa kuanzia.

Hata hivyo umbali hausamehe mtu. Mkulima wa kabichi na viazi hapa juu angependa sana mbolea ile, maana ya dukani bei yake mnaijua. Lakini tope hilo karibu lote ni maji. Kulipandisha kutoka Mombo hadi Lushoto peke yake ni kilomita 33 za kona za Soni, na lori litakula mafuta yanayozidi thamani ya kilichobebwa. Likikaushwa kwanza huko chini, hesabu yaweza kubadilika. Kwa sasa mwenye kunufaika ni aliye jirani, na hatutaki kuwapa matumaini ambayo mgongo wa lori hauwezi kuyabeba.

Tusemeje kuhusu majivu? Kwa ufupi: yanafaa katika saruji, na yanadhuru yakilala vibaya, kwa kuwa yanabeba madini yenye sumu kama aseniki. Tarehe 22 Desemba 2008, huko Kingston, jimbo la Tennessee, ukingo wa bwawa la majivu ulibomoka usiku, na tope zaidi ya mita za ujazo milioni 4 likafunika mto na nyumba. Miaka iliyofuata, wafanyakazi waliolisafisha tope hilo walifungua mashauri wakidai kuugua kwa ajili yake. Majivu yaliyouzwa huondoka. Yasiyouzwa hubaki na watu wa pale. Kwa hiyo anayetuahidi soko na atuonyeshe pia uwanja, kwa siku ambayo soko halitakuwapo.

Watu wa Lamu, ndugu zetu wa pwani ya Kenya, waliuliza maswali ya jinsi hiyo juu ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050 uliokusudiwa kwao. Mwezi wa Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira la kusikiliza rufaa lilifuta kibali chake, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioanzisha shauri hilo walikuwa watu wa kawaida, wavuvi miongoni mwao.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakubali kwamba mwenye kuchafua ndiye alipe, na inataka tathmini ya athari ifanywe kabla mradi haujaanza, na wananchi wasikilizwe. Basi siku mradi wowote, wa makaa, wa mkonge au wa taka za mjini, utakapoletwa katika mkutano wa kijiji na msemaji akasema kwamba mabaki yatauzwa, tusipige makofi kwanza. Tuulize yatauzwa kwa nani na umbali gani. Kama usafi utaendelea hata mnunuzi akikimbia. Fedha ya mauzo itaingia mfuko gani, na hasara itaingia mfuko gani. Na tuulize ni nani leo anayeuza kitu hicho hicho kwa jasho lake, na kama amealikwa mkutanoni. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, maana maneno ya mdomoni hayapelekwi mahakamani.

Sasa ni saa ya chai. Baada ya chai tutagawanyika kwa vigango. Kila kikundi kitaje mashine tatu za kukoboa zilizo katika eneo lake, kieleze pumba huchukuliwa na nani, gunia moja huuzwa kiasi gani, na kama gharama ya kukoboa ilipunguzwa siku pumba zilipopata bei. Mwandishi wa kila kikundi alete karatasi yake mbele kabla ya chakula cha mchana.